Mbona Marekani wanakuuliza unakaa wapi kabla ya kukuuzia laini?

Ukishuka feri ya Likoni, kabla hujafika stejini utamkuta kijana chini ya mwavuli ameketi na meza ya laini. Mpe kitambulisho, akusajili, na baada ya muda si mrefu unapiga simu. Hakuulizi unalala Bombolulu au Mtongwe. Ukitaka, panda basi jioni hiyo hiyo uende Mandera. Namba ni ile ile na kredo ni ile ile.

Ndiyo maana mpwa wangu alichanganyikiwa alipohamia Marekani, kwenye kitongoji cha mashambani. Alitaka laini ya kulipia kwanza, kama zetu. Kampuni ikamwomba tarakimu tano za msimbo wa posta, akaziandika, akajibiwa kuwa huduma haipo kwake. Lakini jirani yake, mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo ya kulipa mwisho wa mwezi, alikuwa uani anaongea na simu. "Mjomba," akaniuliza kwa WhatsApp, "sasa hiyo netiweki anaitoa wapi?"

Tuanze na laini yenyewe. Kile kikadi hakijui msimbo wa posta wala jina la mtaa. Ndani yake mna namba ya utambulisho ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, na Marekani imepewa 310 hadi 316. Zinazofuata hutaja kampuni. Simu ikiwashwa huupa mnara namba hiyo, na mwenye mnara huiuliza kampuni iliyotoa laini: huyu ni wako? Kama kampuni hizo mbili zina mkataba, mgeni anakaribishwa. Kama hazina, anafukuzwa, na simu inaandika jina la mtandao huo kwenye orodha ya milango iliyofungwa ili isiugongegonge tena. Hapo ndipo unapoona maandishi ya "dharura tu" ilhali vijiti vya netiweki vimejaa.

Aliyewahi kwenda Vanga, kule mpakani, ameyaona haya. Umekaa Kenya, unakula samaki wako, simu inalia: karibu Tanzania. Mawimbi ya redio hayana habari na mpaka. Ramani ambayo kampuni huchora kuonyesha netiweki yake inafika wapi basi ni makadirio tu ya mahali mawimbi yanapofika vizuri, na sehemu nyingine ni mahali kampuni iliyochora ramani iko tayari kulipa ili mteja wake apokewe na minara ya wengine. Hiyo ndiyo romingi, na humo ndimo mlikuwa na jibu la mpwa wangu. Jirani yake alikuwa kwenye mnara wa watu. Anayelipa kila mwezi kwa mkataba hufidia gharama hiyo. Wa kulipia kwanza, anayeweka kidogo kidogo na kuhama siku akitaka, mara nyingi hapewi romingi au hupewa ya kupimiwa. Kumkataa tangu mlangoni ni rahisi kuliko kumuuzia halafu kugombana naye.

Lakini kwa nini nchi tajiri namna ile iwe na minara ya vipande vipande? Hapa Safaricom na Kencell, ambayo leo ni Airtel, zilipoanza biashara mwaka 2000, kila moja ilikuwa na leseni ya nchi nzima. Marekani walianza mapema zaidi, Chicago mwaka 1983, na wakaikata nchi kuwa masoko 734, kila soko na leseni mbili. Maombi yakawa mengi hata serikali ikaamua kugawa leseni nyingi kwa bahati nasibu. Naam, bahati nasibu! Ukawa mkeka wa kili mia saba na ushei, kila ukili na mshonaji wake. Makampuni makubwa yamekuwa yakiziunganisha tangu wakati huo, ila mishono haijapotea yote.

Jambo la pili ni namba. Kwetu 07 au 01 na tarakimu zinazofuata zilimtaja mwenye mtandao, na tangu 2011, ilipowezekana kuhama na namba yako, hata hilo halina uhakika. Mji haumo kabisa. Ni simu ya mezani pekee iliyokuwa na kwao: 041 ni Mombasa. Marekani waliipa simu ya mkononi namba ya mezani. Mfumo wao wa mwaka 1947 uliigawa Amerika ya Kaskazini kuwa maeneo 86, Chicago ikapata 312, New York 212, na simu za mkononi zilipokuja zikachukua namba humo humo. Kwa hiyo mashine haiwezi kukupa namba kabla ya kujua wewe ni wa wapi.

Hilo nalo likazaa jambo ambalo mtu wa Pwani hulicheka. Kwa kuwa anayepiga hawezi kujua kama namba ni ya mezani au ya mkononi, haikuwa haki kumtoza zaidi. Basi dakika zikakatwa kwa anayepokea pia. Kubipu, ile sanaa yetu ya kupiga mara moja na kukata, kusingestawi huko.

Jambo la tatu ni kodi na ada ya huduma ya dharura ya 911, ambazo hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Halina utamu, tuliache.

Sasa, mtu akiandika msimbo wa mji mwingine? Laini itafunguka, na itafanya kazi popote mnara utakapoikubali, kwa kuwa, kama tulivyoona, kikadi hakijui alichoandika. Ila mikataba mingi inaruhusu kampuni kupunguza kasi au kuifunga laini inayoishi kwenye minara ya wengine. Kabla ya kutoa pesa, azima simu yenye laini ya kulipia kwanza ya mtandao huo huo uijaribu nyumbani kwako. Ya jirani mwenye mkataba itakudanganya. Simu ya 911 mnara wowote unaoendana na simu yako unatakiwa kuipitisha, hata huna huduma. Ukipiga kupitia Wi-Fi, hata hivyo, gari la wagonjwa linaweza kutumwa kwenye anwani uliyojiandikisha, kwa hiyo kwenye kisanduku cha anwani hiyo andika unapolala kweli.

Mpwa wangu aliishia kununua laini ya kampuni nyingine, ile yenye mnara ule aliokuwa akiutumia jirani. Aliisajili alipokuwa kwa rafiki yake mjini, na kwenye anwani ya dharura akaandika kitongoji chake. Namba yake ni ya mji huo wa rafiki. Kila anayempigia huanza kwa kumuuliza habari za huko, naye amelala huko usiku mmoja tu.