Bahasha ya Lindi na jarida lililoisoma nusu

Mzee mmoja wa Mikindani alinipa bahasha aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu mama yake. Stempu ni ya India, imepigwa herufi I.E.F. Muhuri ni wa duara: F.P.O., yaani Field Post Office, posta ya jeshi vitani, na namba. Jina la mahali hakuna.

Nikafungua katalogi ya stempu. Ikaniambia kwamba I.E.F. ni Indian Expeditionary Force, jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka India kupigana na Wajerumani huku kwetu tangu 1914, ikanipa na bei, ndogo tu. Basi. Katalogi hujali stempu. Barua imetoka wapi si kazi yake.

Jibu nililipata kwenye jarida la wakusanyaji wa stempu. Posta za jeshi zilitumia namba makusudi, adui asijue kikosi kiko wapi. Waliofumbua namba hizo ni wakusanyaji wa historia ya posta, kidogo kidogo: mmoja ana barua ambayo askari aliteleza akataja mji, mwingine ana muhuri uleule wa wiki iliyofuata, wa tatu amechimba kumbukumbu za vita. Kila mtu na kipande chake, na jarida ndipo vipande vinapokutana. Ndiyo maana mimi huanzia ukurasa wa barua za wasomaji, si makala kubwa ya mbele. Humo mtu husema, “Mnadai muhuri huu ulianza Septemba, mimi ninao wa Agosti,” na tarehe inasogea. Jarida moja la stempu la Uingereza, The London Philatelist, linatoka tangu 1892. Hebu piga hesabu ya masahihisho hayo yote.

Kwa sisi wa kusini ipo na sababu ya mfukoni ya kusoma majarida haya. Ng'ambo ya Ruvuma kuna Kionga, kipande cha pwani ambacho Wareno waliwanyang'anya Wajerumani Aprili 1916. Mwezi uliofuata zikatoka stempu zake: zile za buluu za Lourenço Marques (Maputo ya leo), za reisi 100, hela ya zamani ya Wareno, zikapigwa juu neno KIONGA na thamani mpya, nne tu, kuanzia nusu sentavo hadi sentavo 5. Kughushi neno moja juu ya stempu halali hakuhitaji ufundi mkubwa, na za bandia zimejaa. Niliuziwa moja mtandaoni kwa hela yangu ya korosho. Makala yenye picha zilizokuzwa ndiyo iliyoniumbua: nililinganisha herufi kwa herufi, nikaona zangu zimenenepa kama zimevimba.

Lakini majarida nayo yana upofu wake. Mengi huandikwa Kiingereza au Kijerumani, na wengi wa waandishi wake hawajui kusoma tulichoandika sisi. Jarida moja la Ulaya lilichapisha bahasha ya Lindi ya enzi za Mjerumani, ina stempu ya meli ya Kaizari, imekwenda Unguja. Chini ya picha waliandika: “nyuma kuna maandishi ya Kiarabu.” Nikachukua lenzi. Herufi ni za Kiarabu kweli, ila lugha ni Kiswahili, maneno ya anwani kama bibi yangu alivyoyaandika: ifike Unguja, kwa mkono wa fulani, na mtaa umetajwa.

Nikawaandikia. Walichapa barua yangu pembeni kabisa, mistari sita. Toleo lililofuata msomaji wa Hamburg akajibu kwamba anayo bahasha yenye mwandiko uleule, ya wiki tatu kabla, na kwa miaka ishirini ameiweka kwenye albamu ya Uarabuni.