Je, wajua kwa nini tunasema "miungu" na siyo "waungu"?

Hili swali niliulizwa kwenye jumuiya huku Mbagala, Jumamosi asubuhi, tumekaa kwenye mikeka, viatu vimerundikana mlangoni. Tulikuwa tumetoka kusoma Kutoka 20, ile "Usiwe na miungu mingine ila mimi", akanyoosha mkono dogo mmoja wa kidato cha pili akauliza, mtu wingi wake watu, mtoto watoto, mwalimu walimu, sasa mbona Mungu wingi wake siyo waungu? Swali zuri kabisa, na mimi kwa kuwa ndiyo nilikuwa nimeshika Biblia siku hiyo nikajibu bila hata kumeza mate. Nikasema miungu ni masanamu, hayana uhai, ndiyo maana Kiswahili kimeyatoa kwenye ngeli ya watu kikayapeleka kwenye ngeli ya miti na mikeka, yaani lugha yenyewe imekataa kuyahesabu kama yako hai. Watu wakatikisa vichwa, mmoja akasema amina.

Kulikuwa na mama mmoja mwalimu mstaafu, kakaa pembeni karibu na dirisha, akaniangalia hivi juu ya miwani akasema taratibu: "Mwanangu, na mitume nao ni masanamu?"

Basi nikaishia hapo. Mtume, mitume. Petro na wenzake wote wako kwenye ngeli ileile niliyotoka kuiita ya vitu visivyo na uhai, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri Petro ni mti. Niliporudi nyumbani nikaanza kuchimba, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoona nilikosea zaidi ya alivyonikosoa yule mama.

Kosa lenyewe ni hili: nilidhani "Mungu" kwa umoja ni neno la ngeli ya watu, kisha likifika kwenye wingi linateremshwa cheo. Haliteremshwi popote. Lilizaliwa kwenye ngeli ya M-/MI-, ile ya mti-miti, tangu mwanzo, umoja na wingi. Kinachotuchanganya ni upatanisho, maana tunasema "Mungu anapenda", hatusemi "Mungu unapenda", kwa hiyo sikio linatuambia huyu ni wa A-WA, ngeli ya watu. Ila umbo la neno linasema kitu kingine. Ni kama mtu aliyehamia Dar miaka arobaini iliyopita, anaongea Kiswahili cha Kariakoo kama kazaliwa pale, halafu siku ya msiba ndugu zake wanakuja na lafudhi ya kijijini ndiyo unajua katokea wapi. Wingi ndiyo ile siku ya msiba.

Na ukiwaangalia hao ndugu zake utashangaa: mzimu, mizimu. Mzuka, mizuka. Halafu kuna moto, moshi, mto, mlima, mwezi, moyo, mwili. Vitu ambavyo vina nguvu au uhai wa aina fulani ila siyo watu. Hapo unaweza kupata hamu ya kusema ahaa, wazee wetu waliweka nguvu zote zisizoonekana kwenye ngeli moja, na mimi hamu hiyo niliipata, nikatembea nayo kama siku mbili hivi nikiwa na furaha. Kisha nikakumbuka mswaki uko humohumo. Na mfuko. Na mkeka niliokuwa nimekalia. Kwa hiyo tusiende mbali sana, ngeli siyo mafundisho ya dini, ni droo, na kila droo ya nyumbani ina kitu kisichoeleweka kimefikaje.

Hata hivyo kuna ushahidi mmoja kwamba huku kwenye neno hili droo ilikuwa na maana yake. Mmisionari mmoja Mskochi, Alexander Hetherwick, aliyekaa na Wayao huko Malawi ya sasa, aliandika mwaka 1902 kwamba neno lao "mulungu" haliko kwenye ngeli ya watu, na kwamba Myao ambaye hajafundishwa dini alikuwa hafikirii mtu fulani anapolitamka, anafikiria zaidi hali, kitu cha kiroho, pamoja na dunia nzima ya waliokufa. Sasa huyo ni mtu mmoja anaandika kuhusu kabila moja, na zama hizo wasomi wa Ulaya walipenda sana kuona "imani za mizimu" kila mahali, kwa hiyo sichukui kila neno lake. Ila sehemu ya sarufi huwezi kuibuni, ngeli ni ngeli.

Sasa Mulungu wa Wayao anahusiana nini na Mungu wetu? Hapa ndipo penye utamu, na nakuomba uvumilivu kidogo.

Kiswahili kina tabia ya kumeza L. Unasema "nunua", lakini kitu kikishapatikana "kimenunuliwa". Hiyo L imetoka wapi? Unasema "zaa", lakini mtoto "amezaliwa". Vaa, valia. Pokea, pokelewa. Sikia, sikiliza. Tembea, tembelea. Jua, julikana. L haijaongezwa pale, ilikuwepo siku zote, ilikuwa imejificha tu. Wote tumepanda daladala ya Rangi Tatu asubuhi, imejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni, mbele anaonekana askari, konda anapiga kelele "inameni, trafiki huyo!", basi waliosimama wote wanachuchumaa, dirishani gari inaonekana imekaa kistaarabu kabisa level siti. Mkishapita watu wanainuka wanajinyoosha mashati. Ile L ndiyo abiria wa kusimama. Ukitaja kitenzi kikiwa kitupu anachuchumaa humuoni, ukiongeza kipande mwishoni, -iwa au -ika, anainuka, na ndipo unajua alikuwa ndani ya gari muda wote na nauli kalipa.

Kwenye majina huwa hainuki tena kwa sababu hakuna kipande cha kuongeza, kwa hiyo inabidi uwaulize majirani. Sisi tunasema njia, Wasukuma wanasema nzila. Sisi mvua, wao mbula. Na sisi tunasema Mungu, wakati Wagogo wanasema Mulungu, Waluguru Mulungu, Wazaramo ambao Dar ni kwao kabisa Mulungu, Wayao Mulungu, ukishuka Malawi ni Mulungu na ukipanda kwa Wamijikenda huko Kenya ni Mulungu tena. Toa L: Muungu. Na siyo nadharia ya kukisia tu, mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alipochapisha sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870 aliandika hivyo hivyo, Muungu kwa U mbili, wingi miungu. Baadaye U mbili zikabanana zikawa moja. Kwenye wingi hazikuweza kubanana maana ni I na U, kwa hiyo mi-ungu imebaki na kale kanafasi katikati ambapo L ilikuwa imekaa. Ukisema "miungu" polepole unaweza kukasikia.

(Si kila L inachuchumaa, mlango na mlima zimesimama wima mpaka leo, sauti zina mazingira yake, ila kwa neno hili ushahidi wa majirani ni mwingi mno.)

Nikiwa hapohapo niseme na ile ya vijiweni, maana nayo niliwahi kuiamini nikiwa na miaka ishirini na kitu na ndevu za kwanza: kwamba Mungu na Mzungu ni neno moja, wamisionari walituchomekea. Kama ingekuwa hivyo wingi wake ungekuwa waungu, kama wazungu. Mzungu inaunganishwa na kuzunguka, mtu wa kuzungukazunguka, nyumba tofauti kabisa. Na wakati mmisionari Krapf anafika Mombasa mwaka 1844, Waislamu wa pwani walikuwa wanamwita Mwenyezi Muungu zamani tu. Yaani neno la Wabantu wa zamani lilishapita msikitini kabla halijaingia kanisani. Wamisionari walilikuta mezani, moto.

Na hawakulichukua bila wasiwasi. Kila walikofika swali lilikuwa lilelile, tutumie jina la Mungu wao wa zamani, tukihatarisha aje na mizimu yake nyuma, au tulete jina geni lisiloeleweka na mtu? Uchaggani walikubali Ruwa, na Ruwa kwa Kichagga ni jua, jua hilihili la angani, na mpaka leo Agano Jipya la Kichagga linasema Ruwa na hakuna Mchagga anayeabudu jua kwa sababu ya hilo. Rwanda mapadre wa White Fathers walikwepa Imana, jina la Mungu kwa Kinyarwanda, wakaona ina mambo mengi ya kienyeji, wakaleta neno "safi" kutoka nje. Neno lenyewe ni Mungu! Yaani walikimbia jina la kienyeji la Wanyarwanda wakaenda kukopa jina la kienyeji la kwetu, ila kwa kuwa lilikuwa limesafiri likaonekana halina historia. Miongo kadhaa baadaye wakarudi kwa Imana.

Ukishalijua hili utaanza kuiona Biblia ya Kiswahili kama nyumba ya ajabu kidogo. Kanisa ni Kiarabu. Sala, dhambi, imani, malaika, shetani, nabii, injili, sadaka, madhabahu, hata msalaba, vyote vimetoka Uarabuni vikiwa vimeshavaa kanzu. Lakini Mungu ni Mbantu. Mbinguni ni Kibantu, ndugu wa wingu na mawingu. Na chini kabisa, pale kwenye Mathayo 16 kwenye "milango ya kuzimu haitalishinda", kuzimu ni kwa mizimu, mzizi uleule, mahali ambapo mabibi na mababu walikuwa wanakaa wakisubiri tambiko. Wapo wataalam wanaouunganisha mzizi huo na kuzima, kama taa. Kwa hiyo mwenye nyumba, dari na msingi ni vya wazee, ofisi yote ya katikati ni ya wageni. Wazee wa kuzimu sijui wanalionaje hili, maana wao walikuwa wanapelekewa pombe na unga, leo makazi yao ndiyo tunatishiwa nayo.

Neno linalonichekesha zaidi ni pepo. Kwenye Marko 5 pepo wachafu wanatolewa wanaingia kwenye nguruwe. Kwenye Luka 23 yule mwizi msalabani anaahidiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Neno moja, kitabu kimoja, mmoja anafukuzwa nalo mwingine anakaribishwa nalo. Chimbuko inaelekea ni upepo, kitu kisichoonekana kinachotikisa vinavyoonekana, kinaweza kukuburudisha na kinaweza kukuingia kichwani. Na siyo wazo la Wabantu peke yao, kwenye Kigiriki cha Agano Jipya "pneuma" ni roho na ni upepo pia, ndiyo maana Yesu akiongea na Nikodemo kwenye Yohana 3 anacheza na neno hilo, upepo huvuma upendako, na ndivyo alivyo aliyezaliwa kwa Roho. Kwa Kigiriki ni neno moja. Watafsiri wa Kiswahili walikuwa na bahati ya kuwa na upepo na pepo mkononi, wangeweza kuubakiza ule mchezo, lakini fikiria mtu wa pwani anasikia "Pepo Mtakatifu" wakati jirani usiku uliopita alikuwa na ngoma ya pepo mpaka alfajiri! Nadhani ndiyo maana wakaenda kwenye roho, neno la Kiarabu, tulivu, halina ngoma.

Kumbe roho ni "ruh", na ndugu yake wa karibu kwenye Kiarabu ni "rih", maana yake upepo.

Yule mama mstaafu nilimweleza yote haya wiki mbili baadaye, tukiwa tunasubiri chai baada ya jumuiya, akasikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akaniambia bibi yake alikuwa mtaalam wa kupunga pepo, watu wanakuja mpaka kutoka Kisiju na kuku wao. Kisha akageuka akamuuliza mjukuu wake mbona amevaa vile, na binti akasema wakitoka hapa wanaenda Coco Beach na wenzake, kupunga upepo.