Philadelphia walirithi, hawakubuni

Juzi nimeletewa tena insha kuhusu kuandikwa kwa katiba ya Marekani, yenye sentensi ileile: "Mwaka 1787 Wamarekani walikaa Philadelphia wakabuni mfumo mpya kabisa wa serikali." Kila muhula! Wino mwekundu unaniishia.

Haya, haraka. Bunge la Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, lilikaa mara ya kwanza Jamestown, Julai 1619, ndani ya kanisa, na joto likawatawanya baada ya siku chache tu. Hiyo ni miaka 168 kabla ya Philadelphia. Kaunti, sherifu, majaji wa mzunguko, jopo la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe au la: vyote vilikuja na meli kutoka Uingereza. Jopo hilo Waingereza walilitupa mwaka 1933, Wamarekani wanalo hadi leo. Na nani ashike mfuko wa serikali? Mwaka 1728 gavana Burnet wa koloni la Massachusetts, mteule wa mfalme, alidai mshahara wa kudumu. Wabunge wakamgomea.

Sasa ninapotaka kukaa. Sheria ya Haki ya Uingereza, 1689: dhamana iliyopita kiasi *haipaswi kudaiwa*, wala faini iliyopita kiasi kutozwa, wala adhabu za kikatili na zisizo za kawaida kutolewa. Virginia, 1776, walinakili bila kugusa hata kitenzi. Marekebisho ya Nane ya katiba ya Marekani, 1791: maneno yaleyale, ila sasa dhamana hiyo *haitadaiwa*. Nikisimamia hapo darasani, wanacheka. Kumbe "haipaswi" ni nasaha, mfalme anaweza kuitikia kwa kichwa akaendelea na yake. "Haitadaiwa" ni amri, na hakimu ana pa kuishika. James Madison, aliyeyaandika marekebisho hayo, aliipima tofauti hiyo, au alikuwa ananyoosha lugha tu? Naamini aliipima, lakini sitakula kiapo.

Hayo maneno "zisizo za kawaida" ndiyo yananinyima raha zaidi. Titus Oates, Mwingereza aliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, mwaka 1685 alichapwa mijeledi katika mitaa ya London kutoka Aldgate hadi Newgate, na siku mbili baadaye kutoka Newgate hadi Tyburn. Lililowakera waliolalamikia adhabu hiyo lilikuwa ukatili wenyewe, au jaji kujitungia adhabu ambayo sheria haikumpa? Wataalamu wanagombana mpaka sasa, nami hubadilisha upande kila nikisoma upya.

Jipya lilikuwepo, sikatai: kiti cha mfalme kuondolewa, na katiba ya maandishi kuwekwa juu ya bunge lenyewe. Ila hata hayo, majimbo yalikwisha kuyajaribu tangu 1776.