Unavuja mkojo baada ya kujifungua? Usiache kunywa maji

Fistula ya uzazi ni nini?
Ni tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mama anakaa na uchungu siku moja, mbili, mtoto hashuki. Kichwa kinabana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa na baada ya siku chache inabanduka. Si laana, wala si mkono wa mtu.

Nikipunguza maji, si mkojo utapungua?
Hapana. Mkojo unakuwa mkali, unachubua mapaja, harufu ile unayoikimbia inazidi, na mawe yanaweza kujijenga kibofuni. Nimempokea binti aliyekuwa akinywa nusu kikombe cha chai alfajiri, basi, mpaka jioni. Kanga yake ya ndani ilikuwa imekauka ikaacha ukingo mweupe wa chumvi. "Shangazi ndiye aliyenielekeza." Mashangazi, nawaheshimu, lakini acheni.

Hata siku ya safari?
Hata siku ya safari. Beba kanga ya ziada, kunywa maji.

Nina wiki moja tangu nijifungue. Nisubiri arobaini iishe?
Usisubiri! Tundu dogo ambalo bado bichi linaweza kuziba kwa mpira wa mkojo peke yake, ule unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo hadi kwenye mfuko, bila kisu: kibofu kinakaa kitupu wiki kadhaa huku ukinywa maji mpaka mkojo mfukoni uwe mweupe kama maji. Ukija baada ya miaka miwili, nafasi hiyo imeshapita.

Upasuaji upi ni bora?
Inategemea tundu. Mengi hushonwa kupitia ukeni. Yaliyo juu sana hufikiwa kwa kupasua tumbo. Kuna wanaoshona tabaka moja, kuna wanaoshona mawili, na kuna wanaokinga mshono kwa kipande cha mafuta kutoka shavu la uke, mbinu ya Mjerumani Heinrich Martius ya mwaka 1928. Mimi ningeangalia zaidi mkono wa daktari, kwa sababu upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu. Nendeni kwa waliobobea. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, kwa mfano, hutibu fistula bila malipo.

Nimesikia kuna mbinu mpya zinajaribiwa kwa wanyama. Nizingoje?
Tundu la mnyama wa maabara kwa kawaida hukatwa kwa kisu, na nyama ya pembeni ni nzima. Lako limetokana na nyama iliyokufa, na pembeni pana makovu. Mshono uliofaulu kwa sungura bado haujafaulu kwako. Majaribio yana kazi yake, ila yasikuweke nyumbani.

Baada ya upasuaji, mpira unakaa siku ngapi?
Utafiti wa nchi 8 za Afrika, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa kwa fistula zisizo ngumu siku 7 zinatosha sawa na 14.

Na baada ya kushonwa, nisinywe ili mshono usilowane?
Kunywa, mama! Mkojo mzito na damu iliyoganda huziba mpira, kibofu kinajaa, mshono unaachia. Usiku tunapita kitanda kwa kitanda kukagua mifuko, tunakuta jagi limejaa vile vile tulivyoliacha saa mbili. Wifi unayeuguza, usimwambie "apumzishe kibofu". Mmiminie, mshikie kikombe mpaka amalize.