Vipeperushi Mtwara: tunayoambiana na yaliyopo kwenye sheria

Msimu wa korosho ukifunguka tu, mwezi wa kumi hivi, mji mzima unajaa karatasi. Bodaboda za mkopo, mabati, simu, sola, kila mfanyabiashara anajua mkulima kalipwa au yuko mbioni kulipwa. Mimi nina steshenari hapa mjini, nazichapa hizo karatasi kila siku, na kila siku nasikia watu wanadanganyana kuhusu sheria za kuzigawa na kuzibandika, wengine wanaliwa hela kabisa, inaniuma kwakweli.

"Mwenyekiti wa mtaa kaniruhusu, nimemaliza." Hapana. Kumpitia mwenyekiti ni heshima na ni vizuri, ila yeye hatungi sheria ndogo za matangazo. Hapa mjini zinatungwa na halmashauri ya manispaa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, alafu mpaka waziri aziridhie na zitoke kwenye Gazeti la Serikali. Ukienda Nanguruwe uko halmashauri ya wilaya, ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka huohuo, na kule hata kijiji kinaweza kuwa na sheria ndogo zake, kwahiyo kibali cha mjini usikibebe kule ukadhani kinatosha. Na kama kuna ada ya kulipa unapewa kontroo namba na risiti. Mtu akikudai elfu kumi mkononi pale stendi ya Mkanaledi, hiyo sio ada ya serikali, usitoe.

"Ukishakuwa na kibali unabandika popote." Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Bibi yangu ana nyumba Mikindani, ukuta wa chokaa, asubuhi moja tukakuta matangazo sita ya mganga yamegandishwa kwa gundi ya uji wa ngano. Tukayalowesha maji, tukabandua polepole kwa kisu cha jikoni, chokaa ikawa inatoka nayo vipande vipande kama ganda la yai, na bibi kakaa barazani anaangalia tu hasemi kitu. Ukuta una mwenyewe jamani! Halmashauri haiwezi kukugawia ukuta wa mtu, nguzo ya umeme nayo ni ya TANESCO, na kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Alafu matangazo ya tiba asili yanatakiwa yapitishwe kwanza na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile lililoundwa kwa sheria ya 2002, kwahiyo sa hivi mtu akiniletea kazi ya namna hiyo nataka nione kibali kabla sijawasha mashine.

"Kutia kipeperushi kwenye sanduku la barua la mtu ni jinai." Hiyo ni ya Marekani, kule sanduku la nyumbani ni la barua zilizolipiwa stempu tu. Sisi barua nyingi zinaishia posta, kwetu cha kuangalia ni hodi. Kupiga hodi ukatoa karatasi sio kosa, ila mwenye nyumba akisema sitaki ondoka, ukibaki uwanjani kwake kumkera hapo ndo inakuwa jinai. Na hukohuko Marekani, mwaka 1939 Mahakama ya Juu ilisema mji hauwezi kuzuia watu kugawa vipeperushi barabarani kisa uchafu, anayetupa ndo ashikwe. Hapa kwetu pia kutupa taka ovyo ni kosa, sasa wewe ukimwaga bunda zima chini ya mwembe useme umegawa, aliyetupa ni wewe.

"Gazeti la bure halihitaji leseni." Linahitaji, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 haiangalii kama unaliuza au unaligawa.

Na wale wanaosema bora nitume SMS maana haina masharti, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mtu awe ameridhia, ujitambulishe mwanzoni, na umpe njia ya kukataa nyingine zisije.

Jana kaka mmoja kaja anataka karatasi elfu mbili za kubandika. Tumekaa tukaongea, tumechapa mia tano za kugawa mkononi na thelathini za kutundika ndani ya maduka, na majina ya wenye maduka waliomkubalia kayaandika nyuma ya daftari lake, mpaka jioni alikuwa na kumi na tisa.