Muvi za mazombi hazikufundishi roho mbaya, umezielewa vibaya tu

Kila tukikaa kuangalia muvi ya mazombi lazima atokee mmoja aseme "mimi hapo ningemwacha huyo mzee, anatuchelewesha", tena anasema kwa kujiamini kabisa. Cha kuchekesha huyohuyo nikimpigia simu saa tano usiku anakuja kunisaidia kubeba makochi ghorofa ya tatu. Yaani mdomoni muuaji, mikononi mtu wa watu. Nadhani tatizo ni vitu tunavyoviokota kwenye hizi hadithi bila kuvichunguza.

DHANA: Dunia ikivurugika utu unaisha, kila mtu na lake.

Hii ndo mama yao. Wanaopenda kutaja wanafalsafa hapa wanamleta Hobbes, yule Mwingereza aliyeandika mwaka 1651 kwamba bila utawala maisha ya binadamu yangekuwa ya upweke, ya kinyama na mafupi. Sawa aliandika, ila watu wanasoma nusu, maana hoja yake ilikuwa kwamba hali hiyo haivumiliki ndo maana watu wanakubaliana na kuweka wa kuwasimamia, hakusema haya jamani kuleni wenzenu. Na maafa ya kweli hayaendi kimuvi hivyo. Kina Enrico Quarantelli, mwanasosholojia, walianzisha kituo cha kuchunguza maafa huko Ohio, Marekani, mwaka 1963, wakafuatilia matetemeko na mafuriko na vimbunga miaka nenda rudi, na walichokuwa wanakirudia ni kwamba watu kuchanganyikiwa na kukanyagana ni nadra kuliko tunavyodhani, na mara nyingi anayeanza kukutoa kwenye kifusi ni jirani yako, waokoaji wenyewe hata hawajafika.

Halafu kuna wale vijana sita wa Tonga, nchi ya visiwa huko bahari ya Pasifiki. Mwaka 1965 walichoka shule ya bweni wakachukua mashua ya watu wakaondoka nayo, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa cha 'Ata ambacho hakikuwa na mtu. Walikaa zaidi ya mwaka. Mwandishi yeyote wa mazombi angeshawachinjisha mwezi wa kwanza, lakini wao waligawana zamu, moto wakaulinda usizimike, na wakigombana kila mmoja anaenda upande wake wa kisiwa apoe kwanza. Mmoja akaanguka akavunjika mguu, wenzake wakaufunga kwa vijiti wakamfanyia kazi zake mpaka ukaunga. Hebu fikiria, yule ndo "anayetuchelewesha" sasa, na wote sita walitoka hai.

DHANA: Kumtoa mmoja ili wengi wapone ni hesabu tu, ndo matumizi ya akili.

Hapa kuna kitu cha kweli ndani yake ndo maana inanasa. Bentham na Mill, wanafalsafa wa Kiingereza, walisema tendo jema ni lile linaloleta furaha kubwa kwa wengi, na mwanafalsafa mwenzao wa baadaye, Philippa Foot, mwaka 1967 akaleta ule mfano wa tramu iliyokosa breki, upande huu watu watano upande ule mmoja, dereva ageuze au asigeuze. Wengi wanasema ageuze, hata mimi. Ila muvi zinakupa hesabu ambayo imeshapigwa tayari, steringi anajua kabisa kwamba asipomuua huyu wote wanakufa. Wewe utajuaje?

Mwaka 1884 Waingereza wanne walizamiwa na boti yao, Mignonette, wakabaki kwenye kaboti kadogo katikati ya bahari na makopo mawili ya tanipu (mboga ya mizizi), bila maji. Karibu siku ya ishirini wawili kati yao wakaamua kumuua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa hoi, wakamla. Siku chache baadaye meli ikawaokota. Mahakama ikakataa utetezi wa "tulilazimika", wale wawili wakahukumiwa kifo, baadaye adhabu ikashushwa mpaka miezi sita. Ila kinachoniganda mimi kichwani ni swali la jaji, kwamba ulazima huo anaupima nani, na kwa nini imwangukie kijana na sio mmoja wa wale watu wazima? Ndo hivyo bwana, anayepiga hesabu huwa hajiweki kwenye safu ya kutolewa.

DHANA: Anayeficha alama ya kung'atwa ni ujinga wa mwandishi, hakuna mtu anafanya vile.

Kwenye hizi muvi ukishang'atwa na zombi na wewe unageuka zombi, na kuna anayeficha ili asifukuzwe. Jamani. Mimi nimefanya! Sikung'atwa, nilifuta faili la kazi la watu wanne kwa bahati mbaya, nikakaa na siri siku mbili nikijiambia labda litarudi, huku wenzangu wanaendelea kujazia kwenye toleo la zamani bila kujua. Siku ya tatu hasara ilikuwa mara tatu ya mwanzo. Kwa hiyo nikimwona mtu anavuta mkono wa shati chini usoni kijasho kinamtoka, sicheki tena. Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, ana kipimo kimoja, kitu unachotaka kufanya jiulize kingekuwaje kama kila mtu angekifanya kiwe ndo kanuni. Kila aliyeng'atwa akificha, basi hakuna mlango utakaofunguliwa kwa yeyote, hata mzima. Kumbe mfichaji anaingia ndani kwa sababu wengine bado wanasema ukweli, anawala wenzake kabla hata hajageuka.

DHANA: Zombi ni kitu cha Hollywood, na kazi yake ni kula watu.

Chimbuko ni Haiti, kwa watumwa wa mashamba ya miwa ya Wafaransa. Zombi wao hali mtu, ni mwili uliochukuliwa hiari yake ukatumikishwa, na hofu yenyewe ilikuwa kwamba hata ukifa utaendelea kulima. Mimi naiona inatisha kuliko meno.

DHANA: Mwenye roho nzuri ndo mwenye akili, mbaya ndo anakosea.

Angalia ile Night of the Living Dead ya 1968, muvi ya watu waliozingirwa na mazombi ndani ya nyumba. Ben ndo tunampenda, Harry ni mbishi na mwoga na anakera, kazi kung'ang'ania wote wajifungie chini kwenye stoo. Mwishoni Ben anaiona asubuhi kwa sababu alijifungia kwenye stoo hiyohiyo. Halafu anapanda juu, waliokuja kuokoa wanaona kivuli dirishani wanampiga risasi ya kichwa, hakuna hata aliyeuliza we nani.

DHANA: Cha kwanza tafuta bunduki.

Mwaka 2011 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa kiutani mwongozo wa kujiandaa na mazombi, tovuti ikazidiwa na wasomaji. Ndani kulikuwa na maji, chakula, dawa zako, vyeti, nguo na blanketi. Bunduki hamna. Na wakasema mkubaliane nyumbani sehemu mbili za kukutana, moja hapo nje tu ya nyumba, nyingine mbali na mtaa, kwa siku ambayo kurudi itashindikana.