Mita 58 nyuma ya gari ya ng'ombe

Gari ya ng'ombe haina taa, na ng'ombe mwenyewe hana kioo cha kutazama nyuma. Mimi nafundisha udereva hapa Unguja, na mwanafunzi mpya kabla sijamwambia habari za gia namuuliza hivi: ni usiku, unatoka Kinyasini kurudi mjini, mshale uko 80, mara unaona mkia wa ng'ombe mbele yako. Utasimama wapi?

Karibu wote hunijibu, "Nakanyaga breki, mwalimu."

Haya, kanyaga. Huwa nawachukua jioni mpaka uwanja wa mpira, nawasimamisha golini, tunahesabu kwa miguu. Kwa mwendo wa 80 gari inakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja inakwenda zake kabla mguu haujafika kwenye breki, na hapo nazungumzia dereva aliye macho, hana simu mkononi. Aliyeinamia ujumbe kwa sekunde 2 ameshapita mita 44 bila ya kuona kitu. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na mipira mizuri, zinataka mita 36 nyengine. 22 na 36, jumla 58. Mwanafunzi anatoka golini, anavuka mstari wa kati, bado namwambia endelea. Wengine hugeuka wakanitazama kama nawatania.

Sasa tia giza. Mama aliyevaa buibui jeusi, anarudi kwake baada ya Isha, kwa taa za chini mara nyingi humuoni mpaka ubakishe mita 30 hivi. Kanzu nyeupe inakuwahi kidogo. Gari inataka 58, jicho limekupa 30. Hizo 28 zilizopungua ndizo ajali yenyewe. Kesho yake utasikia barazani kwamba marehemu "alitokea ghafla". Hakutokea ghafla, alikuwepo njiani muda wote. Dereva huyo huyo angekuwa kwenye 40 angesimama ndani ya mita 20, akashusha kioo, akasalimia. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Madereva wengi wanadhani 1 inazaa 1.

Na taa nazo mzitazame. Gari zetu nyingi zimetumika Japani kwanza, zikija hapa jua linapiga ile plastiki ya taa mpaka inakuwa ya manjano kama jicho la mgonjwa. Mtu anabadilisha balbu mara tatu analalamika hazina nguvu, kumbe ila iko kwenye plastiki. Fundi akiipiga msasa laini na polishi, barabara inarudi.

Mvua ninayoiogopa ni ile ya mwanzo, manyunyu ya vuli baada ya ukavu wa muda mrefu. Mafuta na vumbi vya miezi vinaelea juu ya lami, na zile mita 36 za breki zinaweza kufika 60. Mvua kubwa ikishaosha barabara, afadhali. Ukiwa na mipira iliyolika mpaka imekuwa kipara, hesabu yote niliyokupa ifute.

Kisha kuna Ramadhani. Nusu saa kabla ya Magharibi mimi sitoki na mwanafunzi, hata alipe mara mbili. Tokea alfajiri watu hawajatia hata tone la maji mdomoni, anayetoka Tunguu kuja mjini jua linamchoma machoni moja kwa moja, na kila mmoja ana futari inamngoja. Weka tende mbili na chupa ya maji garini. Adhana ikikukuta Mwanakwerekwe, funguwa hapo hapo.

Pemba hesabu inageuka, kwa sababu ya milima na kona: mbele huoni mita 58 hata mchana. Msimu wa karafuu watu wanaanika kwenye majamvi kandokando ya lami, na watoto wanacheza pembeni yake. Piga honi kabla ya kona, shuka kwa gia ndogo, acha breki zipumue.

Wa vespa nina neno moja tu, kofia. Inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, ikiwa kichwani na imefungwa kidevuni. Nyingi naziona zimetundikwa kwenye usukani, zinaulinda usukani.

Pale msitu wa Jozani, barabara ilipotiwa lami, kima punju wakawa wanagongwa kila mara. Yalipowekwa matuta, vifo vikapungua. Kima hawakufundishwa kuvuka. Gari zililazimishwa kupunguza mwendo.

Kwa ng'ombe nimejaribu njia yangu. Kuna mzee hukutana naye Kinyasini akirudi na mzigo wa majani, nikampelekea stika nyekundu za rifleta. "Babu, zibandike kwenye gari, usiku tukuone." Akacheka: "Mwanangu, ng'ombe wangu anaijua njia." Lakini akazipokea. Wiki ya pili nakwenda kaskazini usiku, naye anakuja mjini. Nikaziona zinawaka kutoka mbali, nikafurahi. Nilipompita nikatazama kwenye kioo: nyuma giza tupu. Zote alikuwa amezibandika mbele, kwenye nira.

Nikageuza gari. Tukazibandua kwa taa ya simu, yeye ameshika kamba, mimi nimepiga magoti nyuma ya gari yake.